Ruzuku ndogo bonde la Ruvuma: zikiisha, Mahurunga itauza nini?

Wafanyabiashara wa Mtwara huhesabu korosho na ufuta, na tangu bomba la gesi la Mtwara hadi Dar es Salaam lilipokamilika mwaka 2015, huhesabu na gesi pia. Fedha ambazo wengi hawazihesabu ni zile za ruzuku ndogo ndogo zinazokwenda kwa vikundi vya vijana na akina mama wanaopanda mikoko, wanaofuga nyuki au wanaonenepesha kaa. Zikilinganishwa na mnada mmoja wa korosho, ni fedha kidogo. Hata hivyo ni fedha taslimu, hazina riba, na sehemu kubwa yake huishia madukani. Kwa mwenye mtaji, swali ni kwamba zikiisha, kikundi kinabaki na kitu gani cha kupeleka sokoni?

Kata ya Mahurunga ni mahali pafaapo kulipimia swali hilo. Iko ukingoni mwa mto Ruvuma, karibu na pale mto unapoingia baharini, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Wananchi wake hulima mpunga bondeni, korosho na minazi nchi kavu, na huvua samaki. Tangu mwaka 2000 eneo hilo limo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye ukubwa wa kilometa za mraba 650, bahari na nchi kavu pamoja. Kwa maana hiyo mwanakijiji anayetaka boriti, mwenye kuvua na mwenye shamba la mpunga wote wanaishi chini ya kanuni za hifadhi.

Hali ya hewa nayo imekuwa gharama ya biashara. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, kusini ya mpaka, na wakazi wa Mtwara walitakiwa kukimbilia mahali pa usalama. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania. Wazee wa kusini wanakikumbuka kile kilichopiga Lindi mwaka 1952, lakini hicho kilikuwa kimoja katika miaka mingi. Mto ukifurika, mpunga unazama; mto ukipungua, maji ya chumvi yanapanda na mpunga unaungua. Mikoko ndiyo ukuta uliopo katikati.

Mfuko unaojulikana zaidi katika kazi hii ni ule wa Ruzuku Ndogo wa mfuko wa mazingira wa dunia, GEF, unaosimamiwa na UNDP. Ulianzishwa mwaka 1992 na Tanzania ikaingia baadaye katika miaka hiyo hiyo ya 1990. Kwa muda mrefu kiwango cha juu kwa mradi mmoja kilikuwa dola 50,000 za Marekani. Kwa hesabu ya Sh. 2,500 kwa dola, hizo ni Sh. milioni 125, ingawa vikundi vingi hupata pungufu ya hapo. Fedha hazitolewi kwa mkupuo. Hutolewa kwa awamu, na awamu inayofuata husubiri taarifa ya awamu iliyopita. Kikundi nacho kinatakiwa kuonyesha mchango wake, ambao unaweza kuwa nguvu kazi, eneo au vifaa.

Wenye maduka ya vifaa Mtwara mjini wanafaa kuliangalia jambo hilo la awamu. Kikundi cha ruzuku ni mnunuzi mwema siku fedha zinapoingia, kwa mbao za mizinga, viriba, kamba, nyavu na pampu za umeme wa jua. Siku taarifa inapochelewa ni mnunuzi wa mkopo kama mwingine yeyote. Anayekubali kutoa mali kwa ahadi ya awamu ya pili na aombe kwanza kuona mkataba na ratiba ya malipo.

Kinachofuata ni bidhaa, na hapa Mahurunga haiwezi kuiga jirani zake kwa kila jambo. Vijiji vya pwani kama Msimbati vina mwani. Mwani unataka maji ya chumvi yaliyotulia, si mdomo wa mto. Hata hivyo habari ya mwani ina funzo la biashara. Katika maeneo mengi ya mwambao mnunuzi ndiye anayempa mkulima kamba na vifaa vya kufungia mbegu, na kwa sababu hiyo mkulima anafungwa kumuuzia yeye peke yake kwa bei anayotaja. Ruzuku ikinunua kamba, kilichonunuliwa hasa ni uhuru wa kuuza kwa mnunuzi mwingine. Ni kitu kidogo katika bajeti, lakini kina faida kuliko semina tatu. Aina ya cottonii, ambayo bei yake hushinda ya spinosum, hufa maji yanapopata joto kali, kwa hiyo mwenye kamba zake anaweza pia kuchagua apande nini na wapi bila kuomba ruhusa.

Kwa Mahurunga bidhaa zilizo karibu ni asali, kaa na mpunga wenyewe. Asali ya mikoko haiozi, na inaweza kusubiri bei. Kaa hasubiri. Anauzwa akiwa hai, na barabara ikikatika wakati wa masika kikundi kinahesabu hasara kila siku. Mfadhili anayetoa fedha za vizimba vya kaa bila kuuliza habari ya usafiri anatoa nusu ya mradi.

Suala zito zaidi ni la mikoko yenyewe. Kwa sheria, mikoko ya Tanzania Bara ni misitu ya hifadhi ya serikali tangu enzi za Waingereza. Kijana anaweza kupanda mikoko elfu kwa fedha za ruzuku, ikashika, ikakua, na bado isiwe mali yake. Hawezi kukata fito wala pau bila kibali. Kilichobaki ni kuuza hewa ukaa, na huko nako swali la kwanza la mnunuzi ni nani mwenye msitu.

Kenya imelijibu swali hilo kwa namna yake. Huko Gazi, kusini ya Mombasa, mradi wa Mikoko Pamoja ulianza kuuza hewa ukaa mwaka 2013 kutoka hekta 117 tu, kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka. Uliwezekana kwa sababu wanakijiji walikuwa na makubaliano ya kusimamia msitu pamoja na idara ya misitu. Tukichukua mfano wa dola 10 kwa tani, hizo ni dola 30,000 kwa mwaka, kila mwaka, na wala si ruzuku. Mradi wa pili wa namna hiyo uko Vanga, karibu kabisa na mpaka wa Tanga, kwenye hekta 460.

Tanzania ilitoa kanuni zake za biashara ya kaboni mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kaboni kipo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu usimamizi wa pamoja kati ya serikali na vijiji. Milango ipo, basi, ila inahitaji mikataba, upimaji na wanasheria, na hayo ni mambo ambayo bajeti za ruzuku ndogo huyasahau huku zikijaza fulana na posho. Ruzuku ya dola 20,000 iliyotumika kukipatia kijiji mkataba wa usimamizi wa msitu ingekuwa na thamani kuliko miche elfu kumi. Isitoshe, mbegu ya mkoko huchomekwa matopeni moja kwa moja bila kitalu, na nyingi hufa si kwa kukosa fedha bali kwa kupandwa mahali ambapo maji hukaa muda mrefu mno.

Upo pia mkopo wa halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo nne ni za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu. Hauna riba, ila hurudishwa. Ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kwa halmashauri yenye gesi mlangoni, fungu hilo si la kudharauliwa. Tofauti yake na ruzuku huonekana katika maandiko ya miradi: anayeomba mkopo huanza na mnunuzi, anayeomba ruzuku huanza na mazingira. Kikundi chenye akili kingechukua ruzuku kwa ajili ya mikoko na mkataba wa msitu, kisha mkopo kwa ajili ya mizinga na chombo cha kusafirisha asali.

Usalama nao umo katika hesabu. Vurugu za Cabo Delgado zilianza Oktoba 2017, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, kando ya mto huo huo, kilishambuliwa. Biashara ya kuvuka mto ikapungua, na mchuuzi wa mchele aliyezoea wateja wa ng'ambo akabaki na soko la Mtwara mjini peke yake. Kikundi kinachoandika mradi leo na kuweka wanunuzi wa Palma katika makadirio ya mauzo, na kiweke pia hesabu ya pili isiyo na wanunuzi hao.