Godoro la dola bilioni 3.8: kupanda, kuanguka na kusimama tena kwa Mattress Firm

Biashara ya magodoro huonekana nyepesi kuliko zote. Bidhaa haiozi, haitaki friji, na kila binadamu analala. Lakini historia ya Mattress Firm, mtandao mkubwa kuliko yote ya maduka ya vitanda na magodoro nchini Marekani, inaonyesha kwamba mfanyabiashara anaweza kuuza sana na bado akapiga hodi mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake.

Duka la kwanza lilifunguliwa mwaka 1986 mjini Houston, jimbo la Texas. Waanzilishi walikuwa vijana watatu, Harry Roberts, Steve Fendrich na Paul Stork. Mwaka huo bei ya mafuta ilikuwa imeporomoka, na Houston, mji unaoishi kwa mafuta, ulikuwa na majengo mengi yasiyo na wapangaji. Hata hivyo kampuni ilikua, ikafungua matawi miji mingine na kuwauzia wengine haki ya kutumia jina lake.

Ili kuelewa yaliyofuata, msomaji hana budi kwanza kujua duka la magodoro linavyofanya kazi. Dukani hukaa sampuli tu, ambazo mteja huzilalia na kuzijaribu. Mzigo wenyewe hutoka ghalani na kupelekwa nyumbani kwake. Muuzaji mmoja au wawili wanatosha. Mtaji unaofungwa kwenye bidhaa ni mdogo, na tofauti kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia ni kubwa. Aidha, viwanda vina desturi ya kulipa godoro lile lile, au linalokaribiana nalo, jina tofauti kwa kila mwenye duka, hivyo mnunuzi hawezi kulinganisha bei kwa urahisi.

Upande wa pili ni kwamba mtu hununua godoro mara moja kwa miaka minane au kumi. Siku anapolihitaji huingia duka lililo karibu. Ndiyo sababu wenye biashara hii hukimbilia kila njia panda. Gharama inayowakaba si bidhaa wala mishahara, bali ni pango la nyumba, ambalo hulipwa mteja aje asije.

Dawa iliyogeuka sumu

Novemba 2011 Mattress Firm iliingia katika soko la hisa la Nasdaq na kuuza hisa kwa dola 19 kila moja. Fedha za umma zilileta hamu ya kukua haraka, na njia ya mkato ikawa kununua washindani. Mwaka 2014 ilinunua Sleep Train ya California kwa dola milioni 425. Mwanzoni mwa 2016 ikakamilisha ununuzi wa Sleepy's ya New York, yenye maduka zaidi ya 1,050, kwa dola milioni 780. Jumla ya maduka ikafika karibu 3,500.

Kwenye karatasi hesabu ilipendeza, kwani mnunuzi mkubwa huweza kubana bei ya kiwanda. Lakini kampuni inayonunua mshindani hurithi pia mikataba yake ya pango. Baada ya mabango kubadilishwa, Mattress Firm ilijikuta ikijishindania yenyewe, kwani mahali pengi maduka yake mawili yalitazamana ng'ambo ya barabara. Wateja hawakuongezeka, kodi zikawa mbili. Hali hiyo ilikuwa ya ajabu kiasi kwamba mwaka 2018 baadhi ya Wamarekani walivumisha kwamba maduka hayo ni kichaka cha kutakatisha fedha haramu. Uvumi huo haukuwahi kuthibitishwa, na mikataba ya pango peke yake yatosha kuyaeleza mambo.

Wakati huo huo kampuni changa kama Casper, iliyoanza kuuza mwaka 2014, zilikuwa zikiwapelekea wateja nyumbani godoro la sponji lililokunjwa ndani ya boksi, bila kulipia maduka 3,000.

Mnunuzi kutoka Stellenbosch

Agosti 2016 akajitokeza Steinhoff, kampuni ya samani yenye makao makuu Stellenbosch, Afrika Kusini. Ilikubali kulipa dola 64 kwa hisa, zaidi ya maradufu ya bei ya soko, mkataba uliofika dola bilioni 3.8 pamoja na madeni. Miezi michache baadaye, Januari 2017, ulivunjika uhusiano kati ya Mattress Firm na Tempur Sealy, mtengenezaji wa baadhi ya magodoro yanayopendwa sana nchini humo. Kiwanda kilipoteza mteja wake mkubwa, na duka likapoteza bidhaa iliyovuta watu.

Desemba 5, 2017 Steinhoff ilitangaza kuwapo kwa kasoro katika hesabu zake, na mkurugenzi mkuu Markus Jooste akajiuzulu. Kesho yake hisa zilianguka kwa zaidi ya asilimia 60. Uchunguzi wa PwC uliotangazwa Machi 2019 ulikuta miamala hewa ya euro bilioni 6.5. Walioumia si matajiri peke yao. Miongoni mwa wanahisa wakubwa ulikuwemo mfuko wa pensheni wa watumishi wa serikali ya Afrika Kusini, kwa hiyo akiba ya uzeeni ya walimu na wauguzi ilikuwa humo.

Mattress Firm ilibaki na mzazi asiye na uwezo. Oktoba 5, 2018 iliomba kinga chini ya Sura ya 11 ya sheria ya kufilisika ya Marekani. Sura hiyo haimaanishi kufunga biashara. Humpa mdaiwa nafasi ya kupumua, na kubwa zaidi, humruhusu kujitoa katika mikataba ya pango inayomuua. Kampuni ilitangaza kwamba huenda ikafunga maduka 700, na kabla ya mwisho wa Novemba ilikuwa imetoka mahakamani. Steinhoff ilibaki na asilimia 50.1, sehemu nyingine ikaenda kwa waliotoa mikopo.

Mwaka 2019 Tempur Sealy ilirudi kuwauzia bidhaa, na Mei 2023 ikatangaza kuinunua kampuni yenyewe. Tume ya Biashara ya Marekani ilipinga mahakamani mwaka 2024, ikihofia kwamba kiwanda chenye duka kitawafungia mlango washindani. Jaji mjini Houston alikataa ombi hilo Januari 31, 2025, na ununuzi ukakamilika Februari 5 kwa takriban dola bilioni 5. Mwezi huo huo mnunuzi akajiita Somnigroup.

Fundisho liko wazi. Idadi ya maduka si kipimo cha faida, na bei ya kumnunua mshindani haiishii kwenye hundi unayoandika siku ya kwanza. Kabla ya kuhesabu mauzo ya duka jipya, hesabu kwanza miezi ya pango iliyosalia katika mkataba wake. Kuhusu kiwanda kumiliki duka, kama mnunuzi wa Marekani atapata nafuu ya bei au atapunguziwa uchaguzi, yetu macho.