Usingizi, Safari za Mbali na Vidonge vya Melatonini

Wewe uliyesikiliza somo hili redioni, sasa unaweza kulisoma polepole. Na wewe ambaye hukulisikia hukupotewa na kitu, kwa kuwa maneno ni yale yale. Weka penseli karibu, maana leo tutahesabu saa.

Pengine umewahi kuona, nyumbani kwako au kwa jirani, kichupa cha vidonge kilicholetwa na ndugu aliyetoka Marekani. Juu yake pameandikwa melatonini. Aliyekileta amesema, "Hii ni dawa ya usingizi. Haina madhara, kule huuzwa dukani kama vitamini." Basi babu, ambaye halali vizuri, amepewa viwili. Mtoto ameonja kimoja, kwa kuwa ni kitamu kama peremende. Na kijana anayejiandaa kwenda ng'ambo ametia vitano mfukoni, apate kuvimeze ndani ya ndege. Watu watatu, kichupa kimoja, na kila mmoja amekosea kwa njia yake. Leo tutatazama kosa la kila mmoja, na namna ya kuliepuka.

MELATONINI NI KITU GANI?

Kwanza ujue kwamba melatonini si kitu kigeni. Mwili wako huifanya kila usiku. Katikati ya ubongo kuna tezi ndogo, kadiri ya punje ya mchele, iitwayo tezi ya pineali. Jua likisha kutua na giza likaingia, tezi hiyo huanza kumwaga melatonini katika damu. Asubuhi, mwanga ukirudi machoni, huacha. Aliyefaulu kuitenga, yeye na wenzake, ni Daktari Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, mwaka 1958, nao walitumia tezi za ng'ombe. Lerner alikuwa daktari wa ngozi. Alikuwa akitafuta kitu kinachogeuza rangi ya ngozi, wala hakuwa akitafuta dawa ya usingizi.

Sasa shika neno hili, maana ndilo shina la somo zima. Melatonini haimwangushi mtu akalala kwa nguvu. Kazi yake yafanana na ile ya mpiga mbiu apitaye mjini na kutangaza, "Usiku umeingia, fungeni milango." Mbiu hiyo ikipigwa kwa saa yake, mji hutulia. Ikipigwa adhuhuri, watu huchanganyikiwa. Na kuipiga mara kumi badala ya moja hakuufanyi usiku kuwa mrefu zaidi. Kwa hiyo, katika kutumia melatonini, saa ya kumeza ni jambo kubwa kuliko wingi wa vidonge.

SAA YA MWILI

Sisi Waswahili huhesabu saa kwa jua. Kukisha kucha, ndipo saa huanza kuhesabiwa. Mwili nao ndivyo ulivyo. Ndani ya ubongo mna saa yake, nayo hurekebishwa kila siku kwa mwanga uingiao machoni. Wazee wetu waliosafiri kwa jahazi kwenda Maskati hawakupata taabu ya jambo hili, kwa kuwa jahazi lilikwenda polepole, na saa ya mwili ikapata wakati wa kulifuata jua.

Ndege haingojei. Mtu akiondoka Nairobi akafika New York siku ya pili, miguu imefika lakini saa ya mwili imebaki nyumbani. Wakati wa baridi kule, New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8. Wakati wa joto, kwa saa 7. Tuhesabu ile ya baridi. Saa 8 mchana ya New York, mwili wako unadhani ni saa 4 usiku, nawe wasinzia mezani mbele ya wenyeji wako. Saa 4 usiku ya New York, wenyeji wanapokwenda kulala, mwili wako unadhani ni saa 12 asubuhi, na macho yako wazi kabisa. Hayo ndiyo machovu ya safari za mbali. Saa ya mwili husogea kwa kadiri ya saa moja hivi kila siku, kwa hiyo huenda ukachukua juma zima kabla ya kutulia.

Kwenda mashariki aghalabu ni taabu zaidi kuliko kwenda magharibi, kwa sababu mwili huona rahisi kuchelewa kulala kuliko kuwahi. Wafanyabiashara wetu waendao Guangzhou, China, kununua bidhaa wanalijua jambo hili. Guangzhou iko mbele ya Dar es Salaam kwa saa 5. Saa 4 usiku ya huko ni saa 11 jioni ya Dar es Salaam. Nani awezaye kulala saa 11 jioni? Na asubuhi yake, anapoamshwa saa 12 kwenda sokoni, mwili unadhani ni saa 7 usiku. Mtu wa namna hiyo hukosea hesabu za fedha, na akiendesha gari ni hatari kwake na kwa wengine.

KUTUMIA MELATONINI SAFARINI

Mwaka 2002 wachunguzi walikusanya pamoja majaribio 10 yaliyofanywa kwa wasafiri. Katika 9 kati ya hayo melatonini ilipunguza machovu hayo, kwa watu waliovuka kanda 5 za saa au zaidi. Haya ndiyo tuliyojifunza kutokana na kazi hiyo, tena myaandike:

Kwanza, meza kidonge karibu na saa ya kulala ya kule ulikofika, yaani kati ya saa 4 na saa 6 usiku. Usifuate saa ya nyumbani. Anza usiku wa kwanza wa kufika, uendelee kwa siku 2 hadi 5 tu, kisha uache.

Pili, kiasi kidogo chatosha. Kuanzia nusu ya miligramu hadi miligramu 5, faida ya kuizoea saa mpya ni karibu moja, ingawa mwenye kumeza 5 hupata usingizi upesi kidogo. Zaidi ya 5 hakuna faida iliyoonekana. Tazama vizuri karatasi ya kichupa, maana vingine vina miligramu 10 katika kidonge kimoja.

Tatu, kwa kazi hii tumia kidonge cha kawaida. Vile vilivyotengenezwa viyeyuke polepole usiku kucha havikusaidia sana.

Nne, jihadhari na saa. Ukiambiwa na daktari au ukisoma kwenye karatasi "10 usiku" kwa saa za Kizungu, ni saa yetu ya 4 usiku. Watu wamekosea kwa jambo dogo kama hilo.

Basi sasa waliona kosa la yule kijana. Ndege yake itaondoka Nairobi saa 5 usiku. Saa hiyo New York ni saa 9 alasiri. Akimeza vidonge pale, atakuwa amepiga mbiu ya usiku huku mji aendao uko mchana, tena ataamka ana kichwa kizito wakati wa kushuka na kubeba mizigo. Avihifadhi mpaka atakapofika.

Usisahau mwanga wa jua, maana una nguvu kuliko kidonge. Ukienda New York, kaa nje wakati wa alasiri, usijifungie chumbani. Ukienda Guangzhou, siku mbili za kwanza jiepushe na jua kali mpaka saa 4 asubuhi, kisha toka nje ujiote. Sababu yake ni kwamba jua la mapema mno, wakati mwili ungali katika usiku wa manane wa nyumbani, huisukuma saa kwa upande usiotakiwa.

Na kama safari yako ni ya Muscat au Dubai, ambako saa imezidi ya kwetu kwa moja tu, au ya London, ambako tofauti ni saa 2 au 3, hakuna haja ya kidonge. Kadhalika ukienda mbali kwa siku mbili tu na kurudi, ni afadhali uiache saa ya mwili palepale ilipo.

NANI ASIITUMIE BILA DAKTARI?

Sasa tumgeukie babu. Babu anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Melatonini ikichanganyika na dawa hiyo inaweza kuleta hatari ya kutoka damu. Alipewa vidonge viwili kwa mapenzi, lakini hakuna aliyemwuliza, "Babu, unatumia dawa gani nyingine?" Swali hilo moja lina thamani kuliko kichupa kizima.

Kwa hiyo asitumie melatonini pasipo kumwuliza daktari mtu mwenye kifafa, mwenye dawa za kuzuia damu kuganda, mwenye dawa za shinikizo la damu, za kisukari au za huzuni ya moyo, aliyepandikizwa kiungo, mama mjamzito, na mama anyonyeshaye. Wazee nao wawe waangalifu, kwa kuwa dawa hukaa mwilini mwao zaidi, na mzee mwenye usingizi wa mchana huanguka kwa urahisi.

Hata mtu mzima mwenye afya huweza kupata kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu au usingizi wa mchana. Ukisha kumeza, usiendeshe gari, pikipiki wala mashine kwa muda wa saa 5. Usichanganye na pombe.

Jambo jingine. Huko Marekani vidonge hivi huuzwa kama nyongeza ya chakula, wala havipimwi kama dawa. Katika Uingereza huwezi kuvipata bila cheti cha daktari. Mwaka 2017 wachunguzi walipima vichupa 31 vilivyonunuliwa madukani huko Kanada. Kimoja kilikuwa na melatonini pungufu kwa asilimia 83 kuliko ilivyoandikwa. Kingine kilizidi kwa asilimia 478. Basi usidhani kwamba maandishi ya kichupa ndiyo kipimo cha kweli. Ni bora kununua kwa mfamasia unayemwamini, naye akuelezee.

MTOTO NA KICHUPA

Vidonge vingine hutengenezwa laini na vitamu, vyenye rangi za matunda. Mtoto hajui tofauti yake na peremende. Huko Marekani, taarifa za watoto waliomeza melatonini zilizofika katika vituo vya sumu zilikuwa 8,337 mwaka 2012. Mwaka 2021 zilikuwa 52,563. Wengi wao hawakudhurika, lakini wengine walilazwa hospitali. Kichupa kiwekwe juu, ndani ya kabati lenye kufuli. Usimwambie mtoto kamwe kwamba dawa ni peremende. Akimeza, mpeleke hospitali upesi, na kichupa uende nacho. Wala usimpe mtoto melatonini ili alale mapema nawe upate kupumzika. Jambo hilo ni la daktari wa watoto.

ASIYELALA NYUMBANI KWAKE

Wengi wenu hamsafiri, lakini hamlali. Mtauliza, je, melatonini itatufaa? Kwa mtu mzima aliyekosa usingizi miezi mingi, faida yake ni ndogo sana. Chama cha madaktari wa usingizi wa Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2017, kiliwashauri madaktari wasiitumie kwa ugonjwa huo. Kinachoshauriwa kwanza ni kuyarekebisha mazoea na mawazo yanayofukuza usingizi.

Anza hivi. Amka saa ile ile kila siku, hata kama hukulala vizuri. Toka nje asubuhi upate jua. Acha kahawa na chai ya rangi tangu alasiri. Zima simu saa moja kabla ya kulala, maana mwanga wake huiambia ile tezi kwamba jua halijatua. Tungika chandarua, fungua madirisha hewa ipite. Ukikaa kitandani muda mrefu bila usingizi, ondoka, kaa mahali penye mwanga hafifu, urudi usingizi ukija. Kitanda kisiwe baraza la kuhesabia madeni.

Na kama unakoroma sana huku pumzi ikikatika, au una huzuni isiyokwisha, au usingizi umekutoka kwa majuma mengi, mwone daktari. Hapo ugonjwa ni mwingine, na kidonge kitauficha tu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini tumesema saa ya kumeza ni kubwa kuliko wingi wa vidonge?
2. Mwalimu anaondoka Dar es Salaam kwenda Guangzhou. Ameze kidonge saa ngapi kwa saa ya Guangzhou, na wakati huo Dar es Salaam ni saa ngapi?
3. Taja watu wanne wasiopaswa kutumia melatonini bila daktari.
4. Nyumbani kwako, dawa huwekwa wapi? Je, mtoto aweza kuzifikia?

Swali la nne lijibuni leo hii, kabla hamjalala. Kwa herini, mabwana na mabibi, mpaka somo lijalo. Laleni salama.