Kutoka Kambu hadi Mombasa: lipia tiketi ya kurudi kwanza

Unapanga wikendi Mombasa? Ukiwa Kambu, uko kati ya vituo viwili vya SGR: Kibwezi na Mtito Andei. Chagua treni inayosimama vituo vya kati, kwa sababu ile ya moja kwa moja itakupita tu. Piga *639#, kisha lipia kwenda na kurudi kabla ya safari. Nauli ya kurudi ikibaki kwenye salio, itaishia kwenye viazi karai na madafu pale Mama Ngina. Tunajuana!

Treni inaishia Miritini, si mjini, kwa hivyo tenga nauli ya matatu. Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, kiingilio hulipwa kupitia eCitizen. Mji wa Kale uko hapo kando, na kuutembea ni bure. Feri ya Likoni nayo, anayevuka kwa miguu halipi. Mtu akikuambia umtumie "ya feri" kwa simu, usitume.

Ukilipa kwa Till, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo. Si la duka hilo? Ghairi, uliza tena namba. Pesa ikishaenda kwa mwingine, kuirudisha ni shughuli, na treni haikungoji.