Wanyama katika nembo za wafalme (2): Joka lililoondolewa

Wiki iliyopita tuliieleza ngao na rangi zake. Leo tuwatazame wanyama wawili wanaoishikilia ngao ya ufalme wa Uingereza: simba mwenye taji, na farasi mweupe wa pembe moja aliyefungwa mnyororo wa dhahabu. Wengi huwachukulia kuwa pambo tu. Kwangu mimi ni kumbukumbu ya siasa: ukiwasoma vizuri utajua nani alitawala na nani aliachwa.

Simba ndiye mkongwe. Mfalme Richard wa Kwanza aliweka simba watatu kwenye muhuri wake wa mwaka 1198, na hao watatu wangalimo ndani ya ngao. Anayebadilika ni mwenzake. Mwaka 1485 Henry Tudor, mwenye asili ya Wales, alimshinda Richard wa Tatu vitani Bosworth akiwa na bendera ya joka jekundu, alama ya Wales. Alipotawazwa, joka likapanda naye. Zama za mjukuu wake, Malkia Elizabeth wa Kwanza, simba na joka ndio walioshika ngao.

Elizabeth alifariki mwaka 1603 bila mtoto. Ufalme ukamwendea James, aliyekuwa tayari mfalme wa Uskoti, ambako ngao ilishikwa na farasi wawili wa pembe moja. James akaliondoa joka, akamweka mmoja wa farasi wake. Hata raia asiyejua kusoma aliona kwamba falme mbili sasa zina mfalme mmoja. Waskoti hawakumezwa: katika nembo itumikayo kwao hadi leo, farasi ndiye anayekaa upande wa heshima, kulia kwa mshika ngao, naye amevikwa taji.

Na Wales? Ndani ya ngao wamo simba wa England, simba mwekundu wa Uskoti, na kinubi cha Ireland. Wales haimo, kwa sababu sheria za 1535 na 1542 ziliiunganisha na England ikahesabiwa sehemu yake. Taifa lenye lugha yake hai lilistahili zaidi ya hapo. Joka lilisimama miongoni mwa sanamu kumi za wanyama wa kifalme zilizochongwa na James Woodford kwa kutawazwa kwa Elizabeth wa Pili mwaka 1953, na mwaka 1959 bendera yake ikatambuliwa rasmi kuwa ya Wales. Katika nembo kuu ya ufalme bado halijarudi.

Wiki ijayo: tai wa vichwa viwili wa Urusi na Austria.