Mfuko wa Dawa Usio na Msimamizi

Mzee mwenye presha, sukari na maumivu ya magoti si mgonjwa wa nadra katika miji yetu. Kliniki ya presha humpa dawa zake, ya sukari humpa zake, na magoti yakimsumbua usiku, duka la dawa la mtaani humuuzia diklofenaki bila maswali mengi. Anajikuta anameza dawa za aina saba au nane, na kila moja ina sababu yake. Kwa kawaida wataalamu husema dawa zimekuwa nyingi zikifika tano. Lakini idadi si kiini cha tatizo. Wapo wanaohitaji dawa sita na zikawaweka hai. Kiini ni kwamba hakuna mtu hata mmoja anayezitazama zote kwa pamoja.

Tazama mambo yanavyoweza kwenda. Mgonjwa anaanzishiwa amlodipini, dawa nzuri ya presha ambayo huwavimbisha baadhi ya watu vifundo vya miguu. Miguu inavimba, na daktari mwingine, asiyejua chanzo, anamwandikia furosemidi ili akojoe maji yapungue. Furosemidi hupandisha asidi ya yuriki katika damu. Mgonjwa anaamka na gauti, dole gumba la mguu limekuwa jekundu, hata shuka likiligusa anapiga kelele. Ananunua diklofenaki. Hiyo nayo hupandisha presha na kuzielemea figo, hasa kwa anayetumia losatani, dawa nyingine ya presha, pamoja na dawa ya kukojoza. Siku ya kliniki presha iko juu, anaongezewa kidonge kingine. Katika mlolongo huu wote hakuna aliyezembea. Kila mmoja alitibu alichokiona, na ndiyo maana siafikiani na wanaowatupia madaktari lawama zote.

Zipo nchi zilizojikagua. Mwaka 2021 serikali ya Uingereza ilitoa ripoti iliyoongozwa na Keith Ridge, wakati huo akiwa mfamasia mkuu wa England. Ilikadiria kuwa angalau asilimia 10 ya dawa zinazotolewa katika huduma za msingi hazikuwa za lazima, na kwamba katika kila watu watano wa zaidi ya miaka 65 wanaolazwa hospitalini, mmoja hivi hulazwa kwa sababu ya madhara ya dawa. Huko karibu kila mtu ameandikishwa kwa daktari wa mtaa wake, na kumbukumbu zake zimo kwenye kompyuta. Sisi ambao historia ya mgonjwa imetawanyika katika madaftari ya kliniki mbalimbali tuna sababu ya kuhofu zaidi.

Atatokea wa kusema kwamba huku kwetu watu wanakufa kwa kukosa dawa, si kwa kuzidishiwa. Ni kweli, tena inauma. Lakini mambo hayo mawili hukaa nyumba moja: mtu huyohuyo anaweza kukosa dawa ya sukari inayomfaa huku fedha yake ikiishia kwenye vidonge vya kutuliza madhara ya vidonge vingine. Hoja ya foleni ina uzito zaidi. Daktari mwenye wagonjwa wengi mlangoni hana muda wa kuchambua mfuko mzima. Basi kazi hiyo apewe mfamasia wa hospitali, ambaye ndiyo taaluma yake, walau mara moja kwa mwaka kwa kila mzee anayetumia dawa tano au zaidi.

Wakati tukisubiri uamuzi huo, familia zisikae tu. Usimwachishe mzazi dawa kwa kusoma makala hii. Zipo dawa za moyo, za kifafa na za jamii ya prednisoloni ambazo kuziacha ghafla ni hatari. Siku ya kliniki beba kila kinachomezwa nyumbani, pamoja na vya dukani na mitishamba, uviweke mezani kwa daktari, kisha uliza kimoja baada ya kingine: hiki ni cha nini, na bado kinahitajika?