KARTI YA BABA: NAMNA YA KUIPIGA KASHE YA MUPIRA



Sisi makapita wa darasa la sita tunaulizwa mara kwa mara na wadogo zetu: "Baba yangu anatimiza miaka hamsini, nimupatie karti gani?" Karti za ku soko zinapendeza, lakini muziangalie vizuri: maua ya roza, mioyo myekundu, ndege wawili wanaopigana busu. Ile inafaa kwa mama, ao kwa mutu na muchumba wake. Baba mwenye mikono migumu ya kazi ataipokea, atasema aksanti, ataiweka juu ya kabati, basi. Kwa hivi tunataka kueleza karti ya mwanaume, ile munayotengeneza wenyewe kwa kashe za mupira. Feza inayotoka ni kidogo sana.

Kitu cha kwanza si wembe wala wino. Ni alama. Mutu aone alama na ajue mara moja: hii ni yangu mimi. Kwa shofere, gurudumu la kamio. Kwa mufanyakazi wa reli, njia mbili za chuma na vipande vya muti kati yake. Kwa muchimbaji, piki na taa ya kichwa. Kwa fundi wa umeme, ule mushale uliovunjika kama radi. Lakini fikirini kwanza. Kwetu Kolwezi baba wengi walitumika Gécamines, na mwaka 2003 ule mupango wa kuacha kazi kwa hiari uliondoa watu zaidi ya 10.000 katika inchi ya shaba yote. Baba mumoja akiona helmeti na nyundo atafurahi, atahesabia watoto habari za kikosi chake usiku mzima. Mwingine atanyamaza. Ninyi ndio munamujua baba yenu, sisi hatuwezi kuwachagulia.

Kama munasitasita, iko alama moja inayofaa kwa mwanaume yeyote wa hapa: musalaba wa shaba, ule Wafaransa wanaita kruazeti. Si musalaba wa kanisa, una umbo la X. Mbele ya Wazungu kufika, wazee wetu waliyeyusha shaba wakati wa kiangazi, kisha mavuno. Wanawake na watoto walikusanya malakite, lile jiwe la kijani; wanaume walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakawasha makaa ya muti na kupuliza upepo ndani. Shaba ikiyeyuka, ilimwagwa katika kalibu. Katika miaka ya 1957 na 1958 wataalamu walichimba makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, wakakuta misalaba hiyo pamoja na wafu. Mingine ni midogo sana, nao wanaona ilitumika kama feza. Ile ya nyakati za karibu ilikuwa mikubwa, karibu sentimita 20 na karibu kilo moja ya uzito, na watu waliitumia hata kwa kulipa mahari. Angalieni basi namna alama hii inavyosema mengi kwa baba: kazi, mali, nyumba. Tena ni rahisi kuchonga, haina mviringo wala vidole.

Muchonge paka mumoja. Misalaba tatu pamoja na rangi nyekundu, nyeupe na kijani ni bendera ya Katanga ya 1960 mpaka 1963, na karti ya baba haitafuti maneno ya politike. Vile vile hapana kuchonga kashe inayofanana na ya komini, ya posta, ao ya masomo yetu, hata kwa kuchekesha. Sheria ya inchi inaazibu kuiga mihuri ya Serikali. (Na Bwana Prefe anayo macho.)

Sasa kazi yenyewe. Mupira unaopatikana upesi ni ule wa ndani wa kinga, uliokwisha kutoboka. Uoshe na sabuni, kwa sababu ndani yake iko unga mweupe unaokataza kola kushika. Kwaruza upande mumoja na karatasi ya musasa. Kata umbo kwa makasi, ulipake kola ile ya kubandika mipira, na ulibandike juu ya kipande cha muti kilichonyooka. Uache mupaka kesho. Mwenye gome nene ya kufuta anaweza kuchonga moja kwa moja kwa wembe. Wembe ufungwe kitambaa upande wa mukono, na ukate kwa kwenda mbali na vidole. Kando za umbo zilale kama kilima: ukikata kwa kuingia chini yake, alama itapinda na kuvunjika. Katikati ya kila mukono wa X chora mufereji mwembamba; ukipiga kashe, mustari mweupe utabaki, kama mugongo unaoonekana juu ya musalaba wa kweli.

Kwa herufi, kumbukeni kashe inageuza. Andika BABA kwa kreyo laini juu ya karatasi nyembamba, lalisha maandiko juu ya gome, sugua mugongo wa karatasi kwa kijiko. Maandiko yatahamia kinyume, na ukipiga kashe yatasomeka sawasawa. Herufi A haina shida, lakini B inadanganya wengi.

Wino ununue ule wa kashe, wenye maji. Wino wa mafuta unavimbisha mupira. Chukua kopo tupu la siraji ya viatu, weka eponje ndani, funika na kitambaa cha pamba, mwaga matone machache: hii ni tampo yako. Wino mwekundu na tone dogo la kijani unatoa rangi ya kahawia, karibu na ya shaba. Gusa tampo kidogo kidogo, usizamishe. Piga kwanza juu ya gazeti la zamani. Kisha weka karti juu ya kitambaa kilichokunjwa, shusha kashe wima, kandamiza, hesabu mupaka tatu, inua wima. Usiitikise.

Karatasi ngumu ya A4 ikunje katikati. Kwanza pitisha biki isiyo na wino kando ya rula, ndipo mukunjo utanyooka. Musalaba ukae peke yake mbele, mukubwa. Kwa kupamba kando, ekru ya bulo ikiguswa wino wa kijani inaacha alama nzuri ya pembe sita. Tano ao sita zinatosha.

Ndani maneno yawe machache. "Baba, siku njema ya kuzaliwa. Tunakushukuru." Na majina ya watoto wote, hata yule mudogo asiyejua kuandika, achovye kidole tu.

Inabaki shida moja: wazee wengine hawana siku. Karatasi zao zinasema "né vers 1955", basi. Hapo muulize nyanya ao shangazi: ilikuwa wakati wa mahindi mabichi? mvua ya kwanza? Chagueni siku katika mwezi ule, muiandike mbele ya karti kwa kashe, na iwe yake kila mwaka. Tulishaona muzee akikunja karti ya namna hii na kuitia pamoja na kitambulisho chake.

Kisha kazi, osheni kashe na maji ya sabuni, muziweke mbali na jua, kwani mupira unapasuka. Mwenye mupira wa kinga uliobaki alete kwetu Siku ya Posho kisha michezo. Wa darasa la kwanza wanauhitaji.