Kusababisha na Kuchangia: Malaria, Virusi na Saratani ya Taya kwa Watoto

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Methali hii hufunzwa darasani kama onyo dhidi ya kupuuza jambo dogo, nasi huipita bila kuuliza swali lililo wazi: je, mwiba huleta matende? Sayansi inatufahamisha kwamba matende hutokana na minyoo wanaoenezwa na mbu. Hata hivyo, mguu ambao tayari umeathiriwa na minyoo hao unapochomwa, bakteria hupenya kupitia jeraha, na kila maambukizi mapya huuzidishia mguu uvimbe. Kwa hivyo, mwiba hausababishi matende bali huyachangia. Makala haya yanadhamiria kufafanua tofauti baina ya vitenzi hivi viwili kwa mfano wa saratani iliyoelezwa kwanza hapa Afrika Mashariki, na kuonyesha kwa nini tofauti hiyo inamhusu mwanafunzi wa Kiswahili.

Saratani iliyofuata joto na mvua

Mnamo mwaka 1957, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya la juu na la chini, kulia na kushoto. Muda mfupi baadaye alimwona mtoto mwingine mjini Jinja mwenye hali iyo hiyo, pamoja na uvimbe tumboni. Mwaka 1958 alichapisha maelezo ya ugonjwa huo, ambao leo huitwa limfoma ya Burkitt. Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili walifunga safari ya gari ya takriban maili 10,000 kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza katika kila hospitali kama ugonjwa huo ulijulikana huko.

Majibu waliyoyapata yalichora ramani ya ajabu. Saratani hiyo ilipatikana katika maeneo ya joto na mvua, na ilikuwa adimu katika nyanda za juu zenye baridi. Nchini Kenya, ukanda wa Ziwa Victoria na ule wa pwani ndio ulioathirika. Kwa kuwa ramani hiyo ilishabihiana na ya mbu, Burkitt na wenzake walishuku kwamba mbu alikuwa akieneza virusi vya saratani. Walikuwa wameukaribia ukweli ila hawakuufikia.

Virusi, vimelea na kinga ya mwili

Mwaka 1964, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza jijini London kwamba wameona virusi vipya ndani ya seli za uvimbe uliotoka Uganda. Virusi hivyo, viitwavyo Epstein-Barr, haviletwi na mbu bali huenea kwa mate. Idadi kubwa mno ya watu duniani wanavyo. Barani Afrika, watoto wengi huvipata wakiwa wadogo sana, mara nyingi bila dalili yoyote, na tangu hapo virusi hukaa maishani ndani ya seli nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili.

Ikiwa karibu kila mtu anavyo, mbona saratani hii huwapata watoto wachache tu, na hasa mahali penye malaria nyingi? Jibu limo katika malaria ya mara kwa mara. Vimelea vyake huzichochea seli zile zile zinazohifadhi virusi zigawanyike kwa wingi. Wakati huo huo, hudhoofisha seli nyingine za kinga ambazo kazi yake ni kuvidhibiti virusi. Kadiri seli zinavyogawanyika, ndivyo uwezekano wa kosa katika chembe za urithi unavyoongezeka. Kosa moja mahususi, ambapo kipande cha kromosomu ya 8 huhamia mahali pasipo pake, huiondolea seli breki, nayo ikazaana bila kukoma.

Uzito wa kitenzi

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lenyewe lilichagua maneno kwa uangalifu. Mwaka 1997 liliviweka virusi vya Epstein-Barr miongoni mwa mambo yanayosababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2012 liliiweka malaria ya maeneo yenye maambukizi mengi katika kundi la yale ambayo yamkini huileta.

Sasa na tumfikirie mtafsiri anayeandaa bango la zahanati. Akiandika kwamba malaria husababisha saratani, mzazi atahofu kila mwanawe anapopata homa. Akiandika kwamba saratani hii haitokani na malaria, mzazi huyo ataona chandarua hakihusiki. Akiandika kwamba malaria ya mara kwa mara huchangia kutokea kwa saratani hii adimu, atakuwa amesema kweli, na chandarua kitabaki mahali pake.

Kosa jingine ni la kuita ugonjwa kwa jina la dalili yake ya kwanza. Mwandishi wa makala haya alilelewa karibu na ziwa, ambako mtoto aliyevimba taya na kulegea meno huambiwa kwamba ana jino bovu, naye hupelekwa kung'olewa. Ilhali seli za saratani hii huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili tu! Wiki mbili za kungojea uvimbe utulie si muda mfupi. La kutia moyo ni kwamba saratani hii huitikia vyema dawa, na watoto wengi wanaofikishwa mapema kwa daktari na kukamilisha matibabu hupona.

Hitimisho

Imebainika kwamba ugonjwa mmoja unaweza kuuandalia mwingine njia bila kuuzaa. Tumezoea kuvichambua vitenzi katika riwaya na mashairi. Yafaa tuvichambue vivyo hivyo katika mabango ya zahanati, kwa maana huko msomaji akielewa visivyo, gharama hulipwa na mtoto. Tusiudharau mwiba, lakini pia tusiusingizie matende.